Sauti imekwama na mkesha umekaribia: barua zenu za Desemba

Wapendwa, kikapu cha barua mwezi huu kimefurika na karibu zote zinaongelea Krismasi, na siyo Krismasi ya pilau na nguo mpya, ni ile ya kanisani, ya kusifu na kuabudu. Nadhani ni kwa sababu mnajua nimefundisha kwaya zaidi ya miaka 20 kabla magoti hayajagoma kusimama, kwa hiyo mnaniona fundi wa mambo haya. Haya, nitajaribu. Barua zingine nimezifupisha mana kuna mtu kaandika kurasa sita, jamani, sita.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanakwaya sauti ya kwanza. Mama yangu amefariki mwezi wa kumi mwaka huu, aliumwa muda mrefu na mimi ndo nilikuwa namuuguza. Sasa tumeanza mazoezi ya mkesha na kila tukifika kwenye wimbo wa malaika, pale pa Atukuzwe Mungu juu mbinguni, koo linaziba kabisa naishia kufungua mdomo tu. Shangazi anasema msiba bado mbichi nikae pembeni nisiimbe. Mwalimu wa kwaya anasema nijikaze, sauti ya kwanza tuko wachache. Mwenyewe naona nitakuwa mnafiki, naimba furaha na moyoni hamna furaha yoyote. Nifanyeje?
*Mfiwa, Morogoro*

Marahaba mwanangu, na pole sana, pole ya kumuuguza na pole ya kumzika, hizo ni pole mbili tofauti na watu huwa wanatoa moja tu.

Nianze na hilo neno mnafiki mana naona ndo linalokutesa. Chukua Luka, sura ya 1 na ya 2, usome taratibu, achana na mahubiri, we angalia tu nani anaimba humo ndani. Kuna Zakaria, mzee aliyekaa bubu miezi yote ya mimba ya mkewe, mdomo unafunguka kitu cha kwanza kutoka ni sifa. Kuna Mariamu, binti yuko ugenini milimani kwa Elisabeti, ana mimba ambayo sijui hata angeanzia wapi kuielezea pale kijijini kwao, naye anaimba. Halafu Simeoni pale hekaluni, kambeba mtoto mikononi anamwambia Mungu sasa niruhusu niende kwa amani, yaani huo ni wimbo wa Krismasi wa mtu anayeaga dunia! Na hajamaliza vizuri anamgeukia mama mtoto anamwambia upanga utaingia moyoni mwako. Pembeni yake anatokea Ana, mjane, Luka anamtajia miaka 84, naye anamshukuru Mungu. Sasa nionyeshe kati ya hao nani alikuwa na ile furaha ya kwenye kadi za Krismasi, mi simwoni. Ukisimama kwenye mstari na nguo yako nyeusi utakuwa umesimama na wenzio.

Hilo la moyo. La koo nalo lina ufundi wake na hapa nakuongelesha kama mwalimu wa kwaya. Koo linaziba kwa sababu unapigana na kilio palepale ambapo sauti inatokea, na unavyozidi kujikaza ndo linavyozidi kubana. Kwa hiyo usisubiri kulilia huo wimbo siku ya mkesha. Jifungie chumbani, ukipenda jifunike kanga ya mama, imba mwanzo mpaka mwisho, ukifika pale lia, lia usijizuie, kesho yake rudia, na keshokutwa. Mara ya nne ya tano utashangaa wimbo unapita, machozi yanaweza kutoka ila sauti inapita.

Na kwaya nzuri ina siri moja ambayo waumini huwa hawaijui. Noti ndefu hakuna mtu anayeishika peke yake, hata awe na mapafu ya ng'ombe. Tunapumua kwa zamu. Mimi nikivuta pumzi wewe unaendelea, ukivuta wewe wa kulia kwako anaendelea, na aliyekaa benchi la nyuma anasikia sauti moja ndefu haijakatika hata kidogo. Basi mwambie mwalimu wako akusimamishe katikati ya mstari, asikuweke pembeni wala mbele, na wewe na jirani yako mkubaliane kabisa kabla. Koo likikataa nyamaza, wameshika, likifunguka ingia. Ila solo mwaka huu usiimbe, hata wakikuomba kwa magoti.

Shangazi usigombane naye. Amempoteza mtu yeye pia na hiyo ndo namna yake ya kulinda msiba. Nenda kamwelezee, ikiwezekana mwombe aje akae benchi la mbele akuone. Na kama siku yenyewe utaamka unaona huwezi kabisa, basi kaa naye hapohapo benchini, hakuna atakayekuhukumu, na akikuhukumu mtumie kwangu.

Bwana asifiwe mwalimu! Sisi kwaya ya vijana tumeandaa nyimbo tatu kwa ajili ya mkesha, tuna magitaa mawili, besi, kinanda na dramu. Wazee wa kanisa wametukatalia, wanasema Krismasi ni siku ya heshima, wanataka matarumbeta yao na nyimbo za kitabuni basi, eti vyombo vyetu ni vya disko. Vijana wamekasirika wengine wanasema tuhame kanisa. Nani yuko sahihi?
*Mpiga besi, Arusha*

Amina mpiga besi. Kwanza kunywa maji.

Hayo matarumbeta ya wazee wako nayapenda sana, asubuhi ya Krismasi yakilia kwenye ukungu kule mlimani mtu unasimama tu barabarani na ndoo yako kichwani. Ila nikuchekeshe, hayakuota kwenye migomba. Ni desturi ya Kilutheri ya Wajerumani, imekuja na mambo ya wamisionari, wale wa Leipzig, Ujerumani, waliofika Machame kule Kilimanjaro 1893. Leo ndo mila na desturi, na mzee akisikia gitaa anasema mnatuletea ya kigeni! Na huyo Martin Luther mwenyewe, aliyewaanzisha hao Walutheri, wimbo wake wa Krismasi alioandikia watoto ulipochapwa 1535 ulikuwa na tuni ya wimbo wa mtaani, wimbo wa mafumbo wa vijana kutaniana. Sema na wazee wasikose pointi, 1539 ukachapwa tena na tuni nyingine mpya, ya kanisani kabisa. Yaani huu ugomvi wenu una miaka karibu 500.

Gitaa nalo. Ule wimbo wa usiku mtulivu, usiku mtakatifu, ambao wazee wako wanauimba macho wamefumba na taa zimepunguzwa, unajua uliimbwa mara ya kwanza na nini? Gitaa. Tarehe 24 Desemba 1818, kijiji cha Oberndorf karibu na Salzburg huko Austria, padri msaidizi Joseph Mohr alikuwa na shairi lake aliloandika 1816, akampelekea mwalimu wa shule Franz Xaver Gruber ambaye ndo alikuwa mpiga kinanda wao, Gruber akatunga tuni, usiku ule wakauimba watu wawili, Mohr na Gruber, Mohr ndo kashika gitaa lake, kwaya ikidakia mistari ya mwisho. Kuna hadithi eti panya walitafuna kinanda ndo maana wakatumia gitaa, hiyo haina ushahidi, watu wanaipenda tu.

Na Wakatoliki huku kwetu ngoma ilikuwa hivohivo. Babu zetu waliambiwa ngoma ni ya shetani, kayamba ni ya shetani, mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, ulipotoa hati ya liturujia, yaani ya mambo ya ibada, tarehe 4 Desemba 1963 ikasema watu wenye muziki wao wa asili muziki huo upewe heshima na nafasi yake kwenye ibada. Leo misa ya Noeli bila kayamba na vigelegele wewe utasema padri anaumwa.

Kwa hiyo kuhusu vyombo niko na nyie. Lakini, na hii lakini ni ndefu. Vyombo havina dhambi, ila nimeona vinavyofanya watu kunyamaza. Nikupe kisa changu mwenyewe na kanisa silitaji. Tulikuwa na mkesha, kwaya ya vijana nimewafundisha mimi, wakaniomba waimbe kwa pleibeki kwa sababu wimbo wamerekodi studio na umetoka vizuri kuliko wao wenyewe. Nikakubali, kosa langu. Wamepanga mstari, sare za kitenge zimenyooka, mikono hewani, kijana wa mitambo kachomeka flashi kabonyeza. Ikalia ya Pasaka. Kwa sauti kubwa, spika zote, Amefufuka! Na wale wa mbele kwa mazoea midomo ikaanza kwenda yenyewe, wamefufua! Waumini kimya. Kijana wa mitambo anabonyeza anabonyeza ndo kwanza inarudia kiitikio. Mzee mmoja benchi la pili, bila kucheka, akasema, "Nyie watoto, mtoto hajapewa hata jina mmeshamfufua?" Kanisa zima likaanguka kicheko, mchungaji mwenyewe alishika mimbari. Na baada ya kicheko ndo ikatokea kitu, yule mzee akaanzisha wimbo wa kitabuni kwa sauti yake ya kukwaruza, hauna chombo, watu wakadaka, sauti nne kanisa zima mpaka mama wenye watoto mgongoni pale mlangoni. Mi nimefundisha kwaya miaka yote hiyo na sijawahi kupata sauti kama ile, na siyo mimi niliyeifundisha.

Tangu siku ile nina sheria moja, pleibeki marufuku kwenye ibada. Ya pili ni hii, kama mtu wa benchi la tano hajisikii akiimba, punguza spika.

Sasa kapatane na wazee hivi. Matarumbeta yafungue mkesha, hilo wapeni, na muwape kwa adabu. Nyimbo tatu ni nyingi, pelekeni mbili. Moja yenu, na vyombo vyote, dramu ipigwe na mtu mwenye akili. Nyingine ya kitabuni ambayo bibi zenu wanaijua kichwani, mwanzo gitaa moja tu, beti la pili ondoeni kila kitu wabaki watu. Mzee akishaimba na nyie beti moja hatakumbuka tena habari ya disko. Kuhama kanisa kwa ajili ya besi, hapana bwana.

Tumsifu Yesu Kristo. Mwalimu naomba kuuliza kitu kidogo, mbona kipindi chote cha Majilio Jumapili hatuimbi Utukufu halafu Noeli unarudi na kengele juu? Katekista nimemuuliza kaniambia ndo utaratibu.
*Muumini, Iringa*

Milele amina. Katekista hajakosea, ila kakunyima utamu. Utukufu unaanza na maneno ya malaika kwa wachungaji usiku ule. Majilio ni kungoja, ni zambarau, Jumapili nne tunajizuia, kama vile mama anavyoficha nguo za sikukuu kabatini mtoto anajua zipo ila haruhusiwi kuzivaa. Hata hivyo haujafungwa kabisa, tarehe 8 Desemba, sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, unaimbwa. Halafu misa ya usiku wa Noeli malaika wanarudi na maneno yao na parokia nyingi zinapiga kengele zote kwa pamoja. Mwaka huu jaribu kutouimba kweli, hata bafuni, mpaka usiku ule, afu uniambie.

Mwalimu mimi nyumbani ni Singida ila nimeolewa Rombo. Kila Desemba tunatoka Dar na familia nzima tunaenda kuhesabiwa kama wanavyotutania. Shida yangu tukifika ni mbuzi, mbege, ndizi, stori mpaka alfajiri, na asubuhi ya Krismasi kanisani naenda mimi na mama mkwe peke yetu, mume wangu na kaka zake wamelala kama magogo. Nikisema neno naonekana mgeni anayejifanya mtakatifu kuliko wenye mji. Moyo unaniuma watoto wanakua wanaona hivo.
*Mke wa Mrombo, Dar es Salaam*

Nimecheka na nimekuonea huruma kwa pamoja. Kwanza wa kwanza kwenda kuhesabiwa mwezi huu ni Yosefu, amri ya Kaisari Augusto kila mtu kwao, akafunga safari na mke mjamzito kutoka Nazareti kupanda Bethlehemu, tena kafika hakuna nafasi ya kulala. Kwa hiyo basi kujaa na nauli kupanda muwe mnasema asante, nyie mnafikia kwenu.

Usihubiri. Mhubiri aliyeolewa hapo hasikilizwi, hata awe na maneno ya dhahabu. Una mtu mmoja mkubwa upande wako, mama mkwe, na kwenye boma lile akisema yeye hakuna mwanaume wa kubisha. Ongea naye tarehe 22 au 23 mkiwa wawili mnamenya ndizi. Asubuhi ya Krismasi waache walale kwanza, vita hiyo huiwezi mwaka huu. Chukua jioni ya tarehe 24, kabla nyama haijatolewa jikoni, hapo wote wapo na wote wana njaa, hakuna anayekwenda popote! Mama mkwe aseme hatuli mpaka tusali. Mtoto mmoja anayesoma vizuri asome Luka 2, mstari wa 1 mpaka wa 20, ni dakika nne tano hivi. Halafu mama mkwe mwenyewe aanzishe wimbo kwa Kichaga, siyo Kiswahili, kwa Kichaga, ule aliokuwa akiwaimbia hao wanaume wakiwa wadogo mgongoni. Nakuhakikishia kaka mtu mzima mwenye tumbo na funguo za Prado atashika sauti ya nne, mana mwanaume aliyekulia kwenye kwaya ya Jumapili akisikia bezi iko wazi hawezi kuvumilia. Watoto wako watamwona baba yao anaimba. Mbege iendelee baadaye, sina ugomvi nayo.

Rafiki yangu ananiambia Krismasi ni upagani kwa sababu Biblia haijataja 25 Desemba. Nimjibu nini?
*Msomaji, Mwanza*

Mwambie ni kweli haijataja. Kumbukumbu ya zamani kuliko zote inayojulikana ya watu kuadhimisha tarehe hiyo ni ya Roma mwaka 336. Waorthodoksi wa Ethiopia na Misri wanasherehekea 7 Januari, Waarmenia 6 Januari, na wote wanaimba vizuri kukuzidi. Hakuna aliyesema ana cheti cha kuzaliwa. Mtu unachagua siku unashukuru. Kama rafiki yako dhamiri yake haimruhusu mwache, mpelekee pilau tu.

Mwalimu shikamoo, nakuandikia kutoka Muscat, nafanya kazi za ndani huku mwaka wa pili sasa, kwetu Tanga. Bosi wangu siyo mbaya ila tarehe 25 kwao ni siku kama siku nyingine na mwaka huu watakuwa na wageni, nitapika na kuosha vyombo mpaka usiku sana. Kanisa najua lipo Ruwi lakini siku hiyo sitatoka. Mwaka jana nililala nalia. Nyumbani nilikuwa sauti ya pili. Mtu anaabuduje peke yake jikoni?
*Dada wa Tanga, Oman*

Marahaba mwanangu. Barua yako niliisoma mara tatu, nikaiacha ya mwisho makusudi.

Fungua Luka 2 mstari wa 8 kwenye Biblia yako ya Kiswahili, ile Union Version ya kawaida. Inasema wachungaji walikuwa wanakaa makondeni na kulinda kundi lao kwa zamu usiku. Kwa zamu! Nimeusoma huo mstari tangu Sunday school na hilo neno nililipita kila mwaka, mpaka binti yangu alipoanza unesi akawa anakosa mkesha kwa sababu ya zamu ya usiku, ndo siku moja likanigonga. Wale walikuwa watu wa shifti. Mjini pale Bethlehemu kulikuwa na wenye nyumba, wenye vitanda, na waliokuja kuhesabiwa wamejaa mpaka mtoto kalazwa kwenye hori la ng'ombe, na malaika hakugonga mlango wa yeyote kati yao, alienda kondeni kwa walioko kazini. Tena mstari wa 20 unasema wakarudi, huku wakimsifu Mungu. Wakarudi wapi? Kazini kwao, kwa kondoo, na ile harufu. Kwa hiyo hilo jiko lako na masufuria yake lisikutie unyonge hata kidogo.

Sasa tufanye kazi. Krismasi ya kanisani haiishi tarehe 25. Wakatoliki wanaendelea nayo hadi Ubatizo wa Bwana mwezi wa kwanza, na hata makanisa mengine Epifania, sikukuu ya mamajusi, ni 6 Januari. Na kwa kuwa wikiendi yenu huko ni Ijumaa na Jumamosi, makanisa ya Ruwi na ya Ghala yana ibada Ijumaa. Ongea na bosi mapema, sasa hivi, kabla wageni hawajafika, usimwombe tarehe 25, mwombe Ijumaa moja ya baada ya wageni kuondoka. Bosi asiye mbaya ombi kama hilo analielewa, na utakuwa hujakosa Krismasi, utakuwa umeichelewesha tu.

Usiku wenyewe. Saa zenu ziko mbele yetu kwa saa moja, mkesha wa Tanga ukianza saa nne wewe kwako ni saa tano, vyombo vinakaribia kuisha. Uliniambia ulikuwa sauti ya pili, na hapa ndo naona kwa nini ulilia mwaka jana, mtu wa sauti ya pili akiimba peke yake anasikia kama kitu kimevunjika, si wimbo wala si nini, sauti ya pili inataka mtu wa kuegemea. Basi ndugu yako mmoja wa Tanga mwenye sauti ya kwanza akurekodie wimbo mmoja tu mnaoujua wote, beti la kwanza, akutumie voisi noti. Weka simu juu ya friji, sauti ndogo wageni wasisikie, mwache aimbe na wewe weka ya pili juu yake. Ukimaliza rekodi beti la pili wewe, mtumie. Yeye atakurudishia la tatu.